Samaki wangu anavimba na tumbo limekuwa kijivu

SWALI: Habari za kazi dada, mie niko Uyole Mbeya, nimeletewa samaki toka Dar, mgongo kijani una madoa meusi, tumbo jeupe, ukimshtua anavimba. Chakula cha kopo hagusi, wiki hii tumbo limekuwa kijivu na kalala chini tu. Ni samaki gani, nimfanyeje?

JIBU: Pole mdogo wangu. Huyo ni bunju, na kwa hayo madoa ya duara ni yule wa Asia, angekuwa na michoro ya njano iliyojikunjakunja ningesema ni wa Ziwa Tanganyika, ambaye anapita nusu mita! Tumbo kuwa kijivu ni dalili anateseka, na mi nahofia baridi kwanza, maji ya Uyole msimu huu hayamfai kabisa, weka hita yafike nyuzi 25 hadi 27. Halafu anataka maji ya chumvichumvi kama pale mto unapoingia baharini, tafuta chumvi ya akwariamu ya baharini sio ya jikoni, ongeza taratibu kwa wiki kadhaa. Mpe konokono wadogo wenye gamba gumu, meno yake hayaachi kuota, yasiposagika mdomo unaziba anakufa njaa huku chakula kipo. Kumhamisha usitumie wavu, akivimba kwa hewa inaweza kumkwama, mchote na bakuli humohumo majini. Na asiliwe jamani, ana sumu.