Mgeni wa Momella Akiuliza Habari za Hatari!, Usiishie kwa John Wayne

Waongoza watalii wengi wa Arusha wanaijua Hatari!, filamu ya Kimarekani ya wakamata wanyama iliyopigwa huku, kwa mambo mawili: John Wayne na watoto wa tembo. Kwa Mmarekani inatosha. Ila Mjerumani aliyevuka miaka sitini mara nyingi hakuja Momella, kwenye maziwa ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, kumfuata Wayne. Amemfuata Hardy Krüger, yule kijana wa nywele za manjano anayeigiza Kurt, dereva wa zamani wa mashindano ya magari. Ukimjibu "huyo simjui", safari inapoa kabla hamjalifikia ziwa la kwanza.

Anza na jina. Usilichanganye na la Paul Kruger, ambaye hifadhi ya Afrika Kusini imeitwa kwa jina lake, hawahusiani kabisa. Halafu kuna mtoto wa Hardy, naye mwigizaji, naye anaitwa Hardy Krüger. Mgeni wa miaka arobaini huenda anamkusudia huyo. Muulize tu: baba au mwana?

Tarehe ndizo zinazoharibu maelezo ya wengi. Filamu ilitoka 1962, lakini kamera zilikuwa huku kabla ya Uhuru wa Desemba 1961. Kwa hiyo sema Tanganyika, Tanzania haikuwepo. Usidai pia kwamba yote ilipigwa Momella, maana mgeni aliyeitazama mara kumi atakuonyesha mbuga ambazo hazifanani na hapa hata kidogo. Unachoweza kusema bila wasiwasi ni kwamba kampuni ya wakamata wanyama ndani ya hadithi inaitwa Momella, na kwamba mwongozaji Howard Hawks aliwataka waigizaji wenyewe wawakimbize wanyama.

Baada ya filamu Krüger hakuondoka moja kwa moja. Alinunua shamba hapa Momella, akaishi zaidi ya miaka kumi, akajenga nyumba za wageni. Jina la Hatari Lodge, pembeni ya hifadhi, linatokana na habari hiyo.

Kuhusu kazi zake nyingine, usikariri orodha. Shika jambo moja: alikuwa na sura ambayo watengeneza filamu wa nchi za Magharibi waliiona wakafikiria sare ya jeshi la Ujerumani, naye kila mara akatafuta upenyo. Mwaka 1957, katika The One That Got Away ya Uingereza, aliigiza rubani Mjerumani anayetoroka utekani, na watazamaji Waingereza wakajikuta wanamshangilia adui wao wa juzi. Mwaka uleule wa Hatari! akawa mtu mwingine kabisa: Pierre wa Sundays and Cybele, rubani wa vita aliyepoteza kumbukumbu, mpole, aliyevunjika ndani. Filamu hiyo ya Kifaransa ilipata Oscar ya filamu ya lugha ya kigeni. Baadaye alikuwa kapteni wa jeshi la Prussia katika Barry Lyndon (1975) na Kaburu mamluki katika The Wild Geese (1978).

Ukiwa na muda wa filamu moja tu, tazama The Flight of the Phoenix ya 1965. Ndege imeanguka jangwani, na Krüger, mwenye miwani na kiburi, anadai anaweza kuunda ndege mpya kutoka kwenye mabaki. Kazi ikiwa imefika mbali inagundulika kwamba anabuni ndege za mfano, zile ndogo zisizobeba mtu. Mtazame uso pale: haoni aibu hata chembe. Hesabu zake ni zilezile, anashangaa wenzake wanahofia nini. Mhusika yule ni kinyume cha Kurt, ukiwaweka pamoja mgeni ataelewa unachosema.

Suala la Wanazi litakuja. Usilifanyie mzaha. Filamu yake ya kwanza, Junge Adler ya 1944, ilikuwa ya propaganda, naye alichukuliwa akiwa mwanafunzi kwenye Shule ya Adolf Hitler, moja ya zile za kuandaa viongozi wa Kinazi. Alikuja kuukana mfumo ule, na uzeeni alisimama hadharani dhidi ya siasa kali za mrengo wa kulia. Alifariki Januari 2022. Sema hivyo, ishia hapo.

Haya yote usiyamwage Ngongongare, geti la kuingilia hifadhini, wakati wa malipo, hakuna anayesikiliza. Serengeti Ndogo nayo, ule uwanda wa nyasi baada ya geti, waachie twiga na nyati. Subiri maziwa ya Momella, gari limezimwa, paa liko juu.

Wengine huwawekea wageni filamu usiku wa kabla ya safari. Ni wazo zuri, ila Hatari! ni ndefu, zaidi ya saa mbili na nusu, na wametoka kwenye ndege. Onyesha mwanzo tu, pale wanapomkimbiza kifaru. Vijana hukasirika wakiona wanyama wanafungwa kamba. Waambie mapema kwamba hadithi ni ya watu wanaokamata wanyama na kuziuzia bustani za wanyama za Ulaya na Amerika, biashara iliyokuwa ya kawaida wakati ule. Na usiiwashe asubuhi. Watataka kuimaliza, nanyi mtafika ziwani jua limeshakuwa kali na Mlima Meru umejifunika wingu.