Usiku wa Ijumaa ni Upi?

Wiki iliyopita kijana wa Wete, Pemba, aliniandikia: "Kaka, nimepata nafasi ya kusoma London. Kutoka Unguja ni masaa mangapi?" Nilicheka, kisha kicheko kikanikauka. Swali hilo mimi nililipia.

Kwenye ramani mambo ni mepesi. Unguja hadi London ni karibu kilomita 7,400 za angani, kama saa tisa za ndege. Lakini tiketi tunazozimudu sisi hazinyooki hivyo. Ukipitia Doha unaruka karibu 3,750, unashuka, unasinzia kwenye kiti cha chuma, kisha unaruka nyingine 5,200. Zinakuwa kama 9,000, saa 12 na ushei hewani, na hapo sijaitia boti ya kutoka bandari ya Mkoani, Pemba, hadi Unguja.

Hayo yote niliyajua. Tiketi yangu iliandikwa Ijumaa, 00:40, nami nikawatangazia watu: naondoka Ijumaa usiku.

Alhamisi, magharibi imeshaswaliwa, mama alikuwa anafunga chupa ya achari ya ndimu kwa kitambaa na kamba. Akaniuliza, "Mbona hujavaa?" Nikamwambia safari kesho. "Usiku wa Ijumaa si ndio huu?" Kwa hesabu ya wazee wetu siku huingia jua linapozama. Mimi na digrii yangu nikamjibu, "Mama, hizo ni saa za kizungu." Kumbe siku hiyo mzungu na mama walikuwa kitu kimoja: 00:40 ya Ijumaa ilikuwa usiku uleule, baada ya saa sita.

Kesho yake usiku tukateremka uwanjani Kiembesamaki watu tisa, gari la kukodi. Binti wa kaunta akaitazama karatasi, akanitazama mimi, akaitazama na chupa ya achari. "Kaka, ndege hii imeondoka usiku wa kuamkia leo." Pesa haikurudi hata shilingi. Mama hajalitaja jambo lile mpaka leo, na bora angelitaja.

Basi nyinyi mnaotaka kwenda mbali, someni tiketi! Iandike saa yake kwa Kiswahili: 04:15 si saa nne na robo, ni saa kumi na robo alfajiri. Ikianza na 00, andika "usiku wa kuamkia". Saa ya kufika ni ya huko unakofika: Doha ni sawa na kwetu, London iko nyuma kwa saa 3 wakati wa baridi na 2 wakati wa joto, maana wenzetu hugeuza saa Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba. Ukitoa tu saa ya kuondoka kwenye ya kufika, utadanganyika. Na wa Pemba, vuka siku moja kabla. Bahari ya kusi haina miadi na mtu. Soma tiketi, kisha uisome tena.

Wewe wa Wete, nitumie picha ya yako kabla hujalipa. Nitamwonyesha mama.