Kama katafuna saikasi, usisubiri aumwe

Mkuu, salamu tutapeana baadaye. Umeandika mbwa wako jana mchana katafuna mbegu za "kale kamnazi kafupi ka getini", jioni katapika, leo asubuhi kamaliza ugali wake wote, kwa hiyo unasubiri uone. Usisubiri uone. Mpeleke kwa daktari wa mifugo sasa hivi, na ubebe jani moja na mbegu kwenye mfuko ili ajue anapambana na nini. Hapa utamalizia kusoma ukiwa kwenye foleni.

Hiyo picha uliyoweka si mnazi. Ni saikasi, kitaalamu Cycas revoluta, asili yake Japani, na undugu wake uko karibu na misonobari kuliko minazi. Huku pwani tuna jamaa yake, mtapo. Saikasi ina sumu kuanzia mizizi mpaka majani, na mbegu ndizo kiboko: moja au mbili zinaweza kumuua mbwa. Sumu yenyewe inakimbilia kwenye ini. Mbwa anatapika, pengine anaharisha, halafu anatulia, na wewe unamshukuru Mungu. Kumbe ini ndiyo kwanza linaanza kuharibika. Linakuja kushindwa kazi siku ya pili au ya tatu, na hakuna dawa ya kuiondoa sumu hiyo ikishafika huko.

Bosi, German Shepherd wangu, alifuata ratiba hiyo hiyo. Alitapika usiku, nikakuta vipande vya mbegu kwenye matapishi, nikasema afadhali kazitoa. Nikauliza kwenye kundi letu la wafuga mbwa. Kuna jamaa mmoja pale, kila ugonjwa anaujua, akaniambia: "Mpe maziwa lita moja, asubuhi atakuwa fiti, mbwa ana akili, hawezi kula kitu cha kumuua." Mbwa huyo huyo mwenye akili aliwahi kumeza soksi yangu! Lakini saa ile niliona jamaa kaongea la maana. Nikampa maziwa. Asubuhi Bosi akala, akabweka, akamkimbiza mtu wa maji. Nilikuwa nimeshapanga na daktari, nikampigia simu nikamwambia asihangaike, mgonjwa kapona.

Simu ile ndiyo iliyomuua Bosi. Siku ya tatu alikataa chakula, ufizi na macho yakawa ya manjano, mkojo ukawa kama chai ya rangi. Daktari alimtundikia dripu na kufanya yote aliyoweza, lakini akaniambia kabisa kwamba mkaa wa dawa, ule wa kunyonya sumu tumboni, na kumtapisha vilitakiwa usiku ule ule. Bili nililipa, mbwa sikurudi naye. Nyumbani mpaka leo wananiita Daktari Maziwa, na nyie wa "mbwa tu bwana" najua mko njiani kuja kucheka. Karibuni.

Maziwa hayafuti sumu ya saikasi. Na kabla hujashauriwa mengine humu: usimnyweshe maji ya chumvi ili atapike, chumvi nyingi nayo ni sumu kwa mbwa. Usimkabe na mafuta ya kula, yakiingia kwenye mapafu umeongeza ugonjwa wa pili. Mkaa wa jikoni uliosagwa si ule mkaa wa dawa.

Aliyeniuzia mmea ule barabarani nilimuuliza mapema kwamba nina mbwa, akanijibu bila hata kuangalia: "Hiyo pamu tu bosi, kama mnazi, hata mtoto anachezea." Fundi wake akaja kupanda, akamwaga unga wa mifupa kwenye shimo ili mmea ushike haraka. Unga wa mifupa, kwenye nyumba yenye mbwa! Bosi alifukua pale tangu siku ya kwanza, mimi nikidhani anafukuza panya. Kwa hiyo kama na wewe umewekewa mbolea ya aina hiyo, usidhani kuokota mbegu kunatosha. Mizizi ipo chini na anaijua njia. Ng'oa mti wote, vaa glavu maana una miiba, na usiutupe nje ya geti ambako mbwa wa jirani watauokota.

Umeuliza pia kuhusu mnyaa wa uzio: utomvu wake unaunguza macho na mdomo, weka mbali. Na mbarika usiiache ikajiotea nyuma ya nyumba, mbegu zake ni balaa jingine.

Ukifika kwa daktari, usimwambie "alikuwa anaumwa ila sasa nafuu", maana atakuandikia vitamini urudi nyumbani. Mwambie katafuna saikasi, saa ngapi, na mbegu unazodhani ni ngapi. Omba kipimo cha damu cha ini leo, na kirudiwe kesho na keshokutwa hata kama majibu ya leo yatakuwa safi, kwa sababu ya leo yanaweza kuwa safi kabisa na ini linaharibika. Akikwambia mbwa alale pale na dripu, mwache alale.