Uzito wa lini? Kwa wanaoanza kujenga propensiti skoa

Propensiti skoa ni uwezekano wa mgonjwa kupewa dawa kwa kuangalia sifa alizokuwa nazo kabla; huitumia kulinganisha waliopewa na wasiopewa wanaofanana. Rasimu zinazoletwa kukaguliwa zina ugonjwa uleule: faili la CTC (kliniki ya VVU) linafunguliwa, safu zote zinamwagwa kwenye rigresheni, kisha mtu anashangilia AUC (kipimo cha jinsi modeli inavyotenganisha waliopewa dawa na wasiopewa) ya 0.9. Wadogo zetu, tusikilizane. Tuchukue swali hili: je, isoniazidi, dawa ya kinga, inapunguza TB kwa wanaotumia ARV?

1. Anzeni na tarehe. Kila mgonjwa awe na siku sifuri: siku aliyoandikiwa isoniazidi au, kwa ambaye hakupewa, hudhurio ambalo alistahili kupewa. Hapa ndipo uzito wa mwili unapowaumbua wengi. Uzito wa kabla ya siku hiyo lazima uingie, maana mwembamba, hata asiye na dalili, mhudumu humtilia shaka na kuahirisha kinga, na kweli hatari yake ya TB ni kubwa. Uzito wa mwezi wa 6 ni habari nyingine kabisa. TB humkondesha mtu kabla makohozi hayajafika maabara, kwa hiyo uzito huo umeshabeba sehemu ya matokeo. Uingizeni, na dawa inayokinga huenda ikaonekana haikingi. Kinachoudhi ni kwamba hakuna anayeuchagua kwa makusudi! Skripti ya kuunganisha majedwali huokota rekodi ya mwisho ya kila mgonjwa, halafu mizania (ulinganifu wa sifa za makundi mawili) inatoka safi, tofauti sanifu zote chini ya 0.1, na hakuna anayeshtuka. Chujeni kwa tarehe kwanza, ndipo muunganishe. Mkiruhusu vipimo vya siku 90 nyuma, protokali iseme hivyo. "Alimaliza dozi" nayo ni ya baadaye, itoeni.

2. Kigeu (sifa inayopimwa) kinachotabiri TB kiingie hata kama hakihusiani na kupewa dawa. Hupunguza hitilafu sanifu, yaani kuyumba kwa makadirio. Kinachotabiri dawa tu, mfano stoo kuishiwa isoniazidi wiki ile, kibaki nje: hupanua hitilafu na kukuza upendeleo (makadirio kuegemea upande mmoja) wa yale msiyoyapima. Ila kituo chenyewe si stoo. Kliniki ya mjini iliyosongamana yaweza kuwa na TB nyingi, na maabara ya kuigundua iko jirani. Hapo muulizeni muuguzi wa CTC kabla ya kuiuliza kompyuta.

3. Thamani ya p isichague kigeu.

4. Wenye kikohozi, homa, kukonda au jasho la usiku hawakustahili kuanzishiwa kinga siku hiyo. Waondoeni kwenye kundi, msijaribu kuwasawazisha. Wakibaki, AUC itapanda, lakini hamtapata aliyepewa dawa wa kulinganishwa nao.