Mguu Ulipona, Uchovu Ukabaki

Nilikuwa na miaka 31, napiga mswaki, povu likaanza kuchuruzika upande mmoja wa mdomo. Nikamwita mume wangu, sauti ikatoka ya kilevi. Nikarudi kulala, eti ni uchovu. Kumbe ni kiharusi. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze. Mimi mbili kati ya hizo nilizimaliza kitandani.

Hospitalini nikaulizwa nimekunywa nini. Kijana hafikiriwi kiharusi, kwa hiyo anayekusindikiza alitaje neno hilo mwenyewe, kisha aeleze: uso umepinda, mkono hauna nguvu, maneno hayaeleweki, na mara ya mwisho mgonjwa alionekana mzima saa ngapi. Kwangu ulikuwa mshipa wa shingoni uliochanika kwa ndani, jambo linalowapata vijana kuliko wengi wanavyodhani.

Miezi kadhaa baadaye nikatembea bila fimbo, na kila mtu akanipongeza kwa kupona. Hapo ndipo tabu ilipoanza. Kurasa mbili za kitabu, au chumba chenye watu watatu wanaoongea kwa pamoja, na mimi hoi kabisa. Usingizi hauumalizi uchovu huu, wala si uvivu. Nilirudi kazini siku nzima nikijifanya niko sawa. Wiki ya tatu nikaanguka chooni. Wewe omba nusu siku, maagizo kwa maandishi, na mahali pa kulala dakika 20 mchana. Omba mapema, kabla hawajaanza kukuona mzembe.

Kwenye mazoezi ya viungo wenzangu wote walikuwa rika la wazazi wangu. Hakuna aliyenigusia uzazi wa mpango, wakati vidonge vyenye homoni ya estrojeni huongeza hatari ya damu kuganda. Tendo la ndoa, mimba, kuendesha gari: uliza, hata kama daktari ana haraka. Na ukijiona unalia bila sababu kwa wiki nzima, hilo nalo litaje. Sonona baada ya kiharusi ni ya kawaida na ina tiba.

Marafiki wengi waliniambia, "ukihitaji chochote sema." Sikusema. Mmoja tu alisema, "Alhamisi nakuja kukupeleka mazoezini," akaja. Alikuwa hanimalizii sentensi. Siku moja nilitafuta neno "kijiko" karibu dakika nzima. Alisubiri tu, na kijiko chenyewe kiko mkononi mwake.