Onja maji kwanza: kwa mnaoanza bustani za uani Maskati

Wiki hii nimetumiwa picha nne za matuta. Matuta mazuri, yamenyooka, yamepandwa nyanya na pilipili hoho, na wenyewe wamesimama pembeni wanacheka. Wadogo zangu, nawapenda, na najua hamu ya mboga za nyumbani inavyomshika mtu aliye mbali na soko la Darajani. Lakini kila Oktoba picha ni zilezile, na baada ya wiki sita simu ni zilezile: "Dada, zimekauka zote." Safari hii naandika mapema.

1. Tuta ni la kwenye mvua. Kwetu Unguja tunainua udongo ili maji ya masika yapite bila kuozesha mizizi. Maskati mvua ya mwaka mzima kwa kawaida haifiki milimita 100, na tuta lililoinuka hukaushwa na upepo pande zote. Huku chimbeni chini. Fanyeni jaruba kama la mpunga, lishuke kiganja kimoja chini ya usawa wa ua, na kingo zake zishikane vizuri. Nimevunja mipini miwili ya sururu kwenye kokoto za ua wangu, kwa hiyo najua ninachowaagiza.

2. Kalenda mwaka huu mmeipatia, nafurahi. Msimu wetu huanza mwisho wa Septemba. Anayepanda nyanya Aprili ataona maua tu, kwa sababu usiku ukibaki na joto ua halishiki tunda. Na usiku wa huku una joto kweli: Juni 2018, pale Qurayyat, kipimajoto hakikushuka chini ya nyuzi 42.6 kwa saa 24 nzima. Kiangazi waachieni bamia, kunde, mchicha na matembele.

3. Chumvi. Hapa nitakaa.

Mama aliponitembelea mara ya kwanza alikuta ua mtupu. Akachukua kokwa ya ndimu tuliyokamulia samaki mchana ule, akaifukia kwenye kopo la maziwa. Mche ulipofika magotini tukauhamishia uani, na mwaka wa sita ukazaa. Ndimu ndogo, ganda jembamba. Ukifikicha jani moja tu, harufu yake inakufuata mpaka jikoni.

Kiangazi kimoja bili ya maji ikanishtua. Nikapata mwenye boza anayeuza maji ya kisima cha upande wa pwani ya Batina, bei karibu nusu. Sikuyaonja. Maji ya bomba ya hapa, ingawa mengi asili yake ni bahari, hutolewa chumvi mitamboni kabla ya kufika nyumbani. Visima vya ile pwani vimevutwa miaka mingi hadi bahari ikaingia chini kwa chini, na mkulima yeyote wa Barka angeniambia hivyo, kama ningeuliza.

Kila jioni nikawa nalowesha juujuu kwa mpira, dakika mbili. Udongo ukibadilika rangi naona nimemaliza kazi. Jua la kesho yake linayanywa yale maji, chumvi inabaki. Majani yakaanza kuungua kwenye ncha, kahawia, kama karatasi iliyopitishwa kwenye mshumaa. Nikasema mti una kiu, nikaongeza maji yaleyale. Shinani pakatanda unga mweupe. Nikadhani ni chokaa ya ukuta. Kisha, katikati ya Julai, nikamwaga vikombe viwili vya yurea pale shinani, nikiona ninausaidia. Mbolea ile nayo huunguza mizizi kama chumvi. Siku kumi baadaye majani yote yalikuwa chini.

Mama alikuwa akipiga simu kila Ijumaa. "Mndimu wangu haujambo?" Namjibu haujambo. Niliendelea kumjibu hivyo mpaka alipokuja mwezi wa Desemba, akasimama mbele ya mti mkavu ambao sikuwa na moyo wa kuukata. Hakunigombeza. Aliinama, akachota udongo kidogo kwa ncha ya kidole, akauweka ulimini, akautema. "Umeumwagilia bahari, mwanangu."

Ule uongo wa kwenye simu unaniuma kuliko mti. Lau ningemwambia zile ncha zilipoanza kuungua, angeniuliza maji nayatoa wapi, na mndimu ungepona. Maana hupona. Unaacha maji ya boza, unazungushia shina ukingo mpana, unajaza maji matamu polepole mpaka yazame mita nzima na kuisukuma chumvi chini ya mizizi. Unarudia mara mbili tatu. Halafu unaacha udongo wa juu ukauke kabla ya kumwagilia tena.

Kujua maji yamefika wapi, tafuteni kipande cha nondo nyembamba. Siku ya pili baada ya kumwagilia, kichomekeni ardhini kwa mkono. Kitateleza kwenye udongo uliolowa na kusimama kitakapokuta ukavu. Mkono wenyewe unahisi. Mboga futi moja, vichaka futi mbili, miti futi tatu.

Haya sikuyavumbua. Nendeni Birkat al-Mouz, chini ya Jabal Akhdar, mkaone migomba na mitende inayonyweshwa na Falaj al-Khatmeen, mmoja wa mifereji mitano ya Oman iliyoingizwa na UNESCO kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Kila shamba lina zamu yake. Zamu ikifika, jaruba linajazwa mpaka kingo, kisha mlango wa maji unazibwa, na mtende unasubiri siku kadhaa hadi zamu nyingine. Nilikuwa nimepita pale mara nyingi nikipiga picha. Baada ya ule mndimu ndipo nilipokaa chini nikatazama.

4. Mpira uliolala juani una maji ya kuunguza. Yamwageni kwanza kwenye ndoo. Bora zaidi, mwagilieni alfajiri.

5. Jani la njano lenye mishipa ya kijani lina njaa ya madini ya chuma, kwa sababu udongo wetu una chokaa nyingi. Tafuteni mfuko wa mbolea ya madini ya chuma, ulioandikwa EDDHA, na yurea iacheni dukani.

6. Neti ya kivuli ya asilimia 50 ishuke upande wa magharibi pia. Jirani yangu aliitandaza juu tu, kama dari, akafurahi. Nyanya zake zilibabuka ubavu mmoja, ule unaotazama jua la saa kumi, ngozi nyeupe na nyembamba kama ya malengelenge, huku ubavu wa pili ukiwa mwekundu safi. Sasa neti yake inafika chini.

7. Matandazo ya makuti ya mtende yaliyokatwakatwa, unene wa kiganja, yasiguse shina.

Mliotuma picha, yabomoeni hayo matuta wiki hii. Miche bado midogo, itahama bila taabu. Marando ya matembele ninayo ya kuwatosha wote. Pitieni Ijumaa baada ya Alasiri, mje na ndoo, na kila mmoja alete chupa ya maji anayomwagilia. Nitayaonja.