Waazteki Waliishi Zama Zipi?

SWALI: Mhariri, ninafundisha Historia katika shule ya sekondari. Kwa kuwa Waazteki walijenga piramidi, wanafunzi wangu wanashikilia kwamba waliishi zama za Mafarao. Nikiwaambia kwamba walikuwa rika moja na Ulaya ya Enzi za Kati, wanaguna. Naomba miaka na matukio ya kuwaonyesha. – Mwalimu, Morogoro

JIBU: Mwalimu, usirudi nyuma. Kwa mapokeo yao wenyewe, Mexica, ambao ndio tunaowaita Waazteki, walianzisha mji wa Tenochtitlan kisiwani, katika ziwa Texcoco, nchi ya Meksiko ya leo, mwaka 1325. Mwaka huohuo Ibn Battuta aliaga kwao Tanja kuanza safari iliyomfikisha Kilwa mwaka 1331. Wakati huo piramidi kuu ya Giza ilikuwa na umri wa zaidi ya miaka 3,800, na huko Oxford masomo yalikuwa yakitolewa tangu 1096. Tena piramidi za Mexica hazikujengwa ziwe makaburi ya wafalme. Zilikuwa majukwaa ya ngazi yenye hekalu juu yake.

Mji huo ungali mchanga, meli za Genoa zilitia nanga Messina, Sisilia, Oktoba 1347, zikiwa na tauni iliyoua theluthi moja ya watu wa Ulaya, pengine zaidi, katika miaka michache tu. Vibarua wakaadimika, na waliobaki wakadai ujira mkubwa zaidi. Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuuzuia ujira usipande mwaka 1351, na chuki iliyotokana na sheria hiyo ni miongoni mwa mambo yaliyowafanya wakulima waandamane hadi London mwaka 1381.

Mexica nao walikuwa bado wakilipa kodi kwa watawala wa mji jirani wa Azcapotzalco. Mwaka 1428, chini ya mtawala wao Itzcoatl, waliungana na miji ya Texcoco na Tlacopan, wakawaangusha mabwana hao, na hapo ndipo dola yenyewe ilipoanza. Ilidumu chini ya miaka 100.

Chakula cha mji kilitoka kwa sehemu kubwa katika chinampa, na hizi ningependa wanafunzi wazichore. Mkulima alichomeka miti katika maji ya kina kifupi, akasuka matete kati ya miti hiyo, kisha akajaza tabaka za majani na tope lililochotwa chini ya ziwa, hadi shamba jembamba likajitokeza juu ya maji. Pembeni alipanda mierebi ili mizizi yake ishike udongo, na mavuno yalibebwa kwa mtumbwi. Adui wa mashamba haya alikuwa maji ya chumvi ya upande wa mashariki. Baada ya mafuriko ya 1449, Nezahualcoyotl, mtawala wa Texcoco, alisimamia ujenzi wa tuta lenye urefu wa zaidi ya kilometa 10, lililotenganisha maji hayo na yale matamu.

Hata hivyo njaa iliingia. Mwaka 1453 Waturuki waliitwaa Konstantinopoli. Mwaka uliofuata, Gutenberg akiwa Mainz katika kazi ya kuchapa Biblia, bonde la Meksiko lilikuwa limekauka, na watu walijiuza kwa Watotonaki wa pwani ili wapate mahindi. Masimulizi ya kale yanasema mtawala aliagiza msichana asiuzwe kwa pungufu ya mahindi 400, na mvulana 500. Baadaye Watotonaki hao walitiishwa na kutozwa kodi nzito.

Hapo ndipo lilipo jibu kwa wale watakaokuuliza Wahispania wachache waliwezaje kuiangusha dola hiyo. Kiongozi wao Cortés alipofika mwaka 1519 na askari kama 500 na farasi 16, Watotonaki wa Cempoala walikuwa wa kwanza kumuunga mkono, wakafuatwa na Tlaxcala, maadui wa siku nyingi wa Mexica, waliotoa wapiganaji kwa maelfu. Ndui iliingia mwaka 1520 na kumuua hata mtawala Cuitlahuac. Bunduki zilisaidia, lakini kwa maoni yangu vitabu vya shule huzipa sifa kupita kiasi. Mwaka 1521 mzingiro ulianza kwa kuvunja mfereji uliopeleka maji ya kunywa mjini kutoka Chapultepec, na mji ulianguka tarehe 13 Agosti. Miezi minne tu kabla yake, Martin Luther alikuwa amesimama mbele ya Karolo wa Tano, mfalme wa Uhispania na Kaisari wa Ujerumani, huko Worms akikataa kuyakana maandishi yake, na mfalme huyo ndiye ambaye Cortés alimtekea mji.